Nani Kaijenga Baiskeli Hii

Karakanani walimwita Spoki, na si kwa ajili ya wembamba peke yake, ingawa mwembamba alikuwa, wa kukonda mpaka kivuli. Walimwita hivyo kwa sababu gurudumu lililopinda likifika mikononi mwake lilikuwa kama mtoto mtundu mbele ya shangazi mkali: lilijinyoosha lenyewe. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na miwili. Kumi na mmoja kati ya hiyo aliimalizia kwenye benchi lilelile, chini ya dirisha lilelile lililozibwa kadibodi, akitengeneza baiskeli za wasambaza mikate, za matarishi, na za wanafunzi wasiojua kwamba breki nazo huchoka.

Nyumbani alikaa na mama yake na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba, ambaye mtaa mzima ulimwita Upepo. Upepo alikuwa na miaka ishirini na moja na mapaja kama magogo, na kazi hakuwa nayo. Mvivu hakuwa. Alishaanza kazi nne na kuziacha zote nne, kila moja kwa sababu iliyoonekana nzito siku ile. Kitu kimoja tu hakuwahi kukiacha, nacho ni kupanda baiskeli.

Mwaka ule chama cha baiskeli cha mji kikabandika tangazo la mbio za matope. Mbio zenyewe hazikimbiwi barabarani. Zinapita kwenye majani, tope na mchanga; kuna magogo yamelazwa njiani na ngazi za kupanda, na hapo mpandaji hushuka mbio, akaitia baiskeli begani kama mtu aliyebeba mgonjwa, akakimbia nayo mpaka juu, akairukia tena. Tangazo lilisema ni wazi kwa wote, wanaume kwa wanawake, rika lolote. Kisichokuwa wazi kwa wote ni baiskeli yake. Inataka iwe nyepesi kama ya mbio za lami, imara kama ya mlimani, na yenye nafasi kwenye uma ya kupitisha tope. Duka moja kubwa la mjini lilikuwa nayo dirishani. Ndugu hao wawili walisimama mbele ya kioo wakasoma bei yake, wakaisoma tena.

"Tukiuza figo zetu zote nne?" Upepo akauliza.

"Tutapata fremu," Spoki akajibu. "Pedali tutakopa."

Wakacheka, wakaondoka. Lakini walipofika kwenye kona dada mtu akasimama. "Tuijenge," akasema. "Wewe leta unachoweza, mimi nilete ninachoweza. Ikikamilika tutashindana, mimi na wewe, juu ya baiskeli hiyohiyo. Mwenye kasi ndiye ataandikishwa."

"Na wewe unataka kukimbia?" Upepo akacheka tena, kicheko kisicho na ubaya. "Dada, wewe ni fundi."

"Nimeuliza kama unakubali."

"Nakubali. Haya, mkono huu hapa."

Wakapeana mikono pale barabarani, watu wakiwapita.

Fremu Spoki aliipata kwa muuza chuma chakavu, imelazwa chini ya tangi la maji, rangi imebabuka, nyumba ya nyigu ndani ya bomba la kiti. Ilikuwa fremu ya zamani ya chuma, ya baiskeli za safari ndefu, na jicho lake lilipotua pale uma wa nyuma unapoanza, moyo ulimruka: vidole viwili vilipita vizima kati ya bomba na mahali ambapo tairi lingekaa. Uso hakuubadilisha. Muuza chuma akiuona umefurahi, bei huota mbawa. Aliifunga uzi kutoka nyuma, akauzungusha kwenye bomba la mbele na kuurudisha upande wa pili, akapima kwa rula umbali wa uzi na bomba la kati, kulia na kushoto. Sawasawa; haikupinda. Akaisonya, akaiita mzigo, akailipia kwa bei ya kilo.

Kanuni yake ilikuwa moja, na alimweleza mdogo wake Jumapili ya kwanza walipoanza kazi, karakana imefungwa, wao wawili ndani kwa ruhusa ya mwenye karakana. "Usibane pesa kwenye kinachogusa ardhi, wala kwenye kinachokusimamisha. Kwingine kote, bana mpaka pesa yenyewe ilie."

Kwa hiyo matairi yenye meno yalinunuliwa mapya, na hayo alinunua Upepo, kwa malipo ya wiki mbili za kubeba saruji. Raba na waya za breki zilinunuliwa mpya pia, naye ndiye aliyezilipia. Rimu alinunua Spoki. Lakini vitovu vya magurudumu vilitoka kwenye baiskeli mbili zilizokufa. Alivifungua, akaviosha kwa petroli, akatupa gololi za zamani na kuingiza mpya, akavijaza grisi. Spoki za magurudumu alizichambua mojamoja kutoka ndoo ya karakana, akizigonga mezani na kusikiliza mlio. Mikono ya breki ilitoka kwenye baiskeli ya mlimani iliyogongwa na lori. Mbele aliweka gurudumu moja tu la meno badala ya mawili, kwa sababu la pili ni gharama, na tope hupenda sana kukaa katikati ya mawili. Nyuma akaweka magurudumu ya meno manane. Usukani uliopinda kama pembe za kondoo Upepo aliukuta kwa rafiki yake, umegeuzwa kuwa kiango cha makoti, na kiti akakipata hukohuko.

Mwenye karakana, mzee mnene aliyeitwa Grisi hata na wajukuu zake, alipita Jumapili moja kuchukua miwani yake akawakuta. Aliinua fremu kwa vidole viwili. "Hii ni baiskeli au ni mkutano?" akauliza. "Naona kila kiungo kimetoka kabila lake."

"Vitaoana, mzee," Spoki akasema.

"Vitaoana. Nani atalipa mahari?"

Ilichukua miezi saba. Upepo alikuja mwanzoni kila Jumapili, kisha mara moja kila Jumapili mbili, kisha alipokuwa na nafasi. Alishika bomba lilipohitaji kushikwa. Alisugua kutu. Kazi ya kusuka magurudumu alikaa akaitazama kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, halafu akasema inampa usingizi. Dada yake hakumlaumu. Alikuwa amekaa mbele ya gurudumu la nyuma tangu asubuhi, akikaza robo mzunguko hapa, akilegeza robo pale, na kwa kweli alikuwa amesahau kama kuna mtu mwingine ndani. Ilipomalizika walipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la jirani, wakaipima kwenye mizani ya mjomba wao, karani wa ghala la nafaka. Kilo kumi na moja kasoro. Ile ya dirishani ilikuwa nyepesi kwa kilo moja na kitu. Mjomba akasema kilo moja si kitu, mtu akienda chooni vizuri anaimaliza.

Siku ya kushindana walikwenda kwenye uwanja nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake. Spoki alikuwa ameweka magogo mawili, na kulikuwa na ngazi ya zege ya kiwanda, vidato kumi na vinne. Mzunguko mara tatu kila mmoja. Mzee Grisi alikuja na saa, kwa kuwa ndiye pekee ambaye wote wawili walimwamini.

Upepo alianza. Kwenye sehemu tambarare alikwenda kama jina lake, mpaka Grisi akapiga mluzi. Lakini kwenye magogo alishuka kama mtu anayeshuka kitandani, na kwenye ngazi baiskeli ilimgonga mgongoni kila kidato. Alimaliza anahema, uso mzima tope, anacheka.

Kisha Spoki. Hakuwa na mapaja ya mdogo wake, na kwenye tambarare ilionekana. Lakini tangu fremu ipate magurudumu alikuwa akija hapa kila alfajiri kabla ya kazi, peke yake, akijifunza jambo moja tu: kushuka bila kusimama na kupanda bila kusimama. Mguu wa kulia ulivuka kiti mapema, mkono ukashika bomba la chini, baiskeli ikapanda begani kana kwamba imeitwa. Juu ya ngazi aliirukia huku bado anakimbia. Mzunguko wa pili alikuwa tayari mbele ya muda wa Upepo. Wa tatu ulikuwa wa furaha tupu, furaha aliyokuwa hajaijua mwilini mwake, na aliposimama alimkuta Grisi anaitazama saa kana kwamba imeharibika.

"Tofauti ni dakika moja na sekunde ishirini," mzee akasema. "Kwa binti."

Upepo alimpa dada yake mkono. "Umenikomesha," akasema. Akaondoka kwa miguu, akakataa kungojwa.

Siku ya tatu Spoki alirudi kutoka kazini akamkuta mjomba amekaa sebuleni, kikombe mkononi, na kiti kimoja kimewekwa wazi katikati. Alipokiona kile kiti alijua ni cha nani.

"Kaa, mwanangu," mama akasema. Alikuwa mwanamke mpole, mshonaji wa sare za shule, na upole wake ndio uliokuwa mgumu kuupinga. "Mdogo wako hali. Umeona? Siku ya tatu leo."

"Nimemwona anakula mkate asubuhi."

"Hali kama anavyokula. Sikiliza. Mimi sijui mambo yenu ya magurudumu. Nauliza tu. Wewe una kazi. Una mikono inayokula popote. Yeye ana nini?"

"Tulikubaliana, mama. Tulipeana mikono."

"Najua. Nawe umeshinda, hakuna anayekunyang'anya ushindi wako. Lakini ukikimbia wewe, ukashinda hata hiyo mbio yenyewe, halafu? Jumatatu utarudi karakanani. Akikimbia yeye, pale kuna watu wa timu wanatazama vijana. Kijana wa miaka ishirini na moja wanaweza kumchukua. Wewe watakuchukua?"

Mjomba akakohoa. "Mkubwa jalala, mpwa wangu. Ndivyo tulivyoumbwa sisi tuliotangulia kuzaliwa. Kila mtu atakutupia chake, nawe upokee."

"Basi leo mmenitupia vya kutosha," Spoki akasema.

Upepo alikuwa amesimama mlangoni muda wote, bega kwenye fremu ya mlango. Dada yake alimgeukia. Neno moja tu lingetosha. Hata "acheni" lingetosha. Upepo aliangalia viatu vyake.

"Sawa," Spoki akasema. "Akimbie."

Mama akamshika mkono akaubusu kiganjani, akalia kidogo, na tangu wakati huo hadi usiku wa kulala nyumba ilikuwa na kelele za furaha, kama nyumba iliyopokea habari za harusi. Spoki alikula nao.

Zilibaki wiki tatu. Na kwa kuwa hakujua kufanya kitu nusu, alizitumia wiki hizo tatu kumfundisha mdogo wake kila alichojifunza mwenyewe alfajiri: mguu uvuke lini, mkono ushike wapi, uangalie gogo la pili wakati la kwanza bado liko chini yako. Upepo alishika haraka. Mwishoni mwa wiki ya tatu alikuwa ameupita muda wa dada yake kwa sekunde kumi, na alipoambiwa alimkumbatia mpaka miguu ikaachana na ardhi.

Siku ya mbio walikuja watu kama mia mbili, na wapandaji arobaini na sita. Upepo alimaliza wa nne. Watatu waliomtangulia walikuwa juu ya baiskeli za dirishani, na wawili kati yao walionekana wakigeuka nyuma mara kwa mara kwenye mzunguko wa mwisho, kukiangalia kile kitu chenye kijani cha geti kinachowafuata.

Spoki alikuwa amekuja na ndoo na brashi. Baiskeli ikiachwa na tope la kukauka, tope hugeuka saruji. Alikuwa amechuchumaa anaosha mnyororo wakati kocha mmoja mwenye koti la bluu la timu alipokuja, akamsalimia Upepo, akaanza kuizunguka baiskeli polepole, mikono nyuma. Alilizungusha gurudumu la nyuma kwa kidole akalitazama likipita katikati ya raba za breki, sawa, sawa, sawa, bila kuyumba.

"Nani kaijenga baiskeli hii?" akauliza.

Spoki aliinua kichwa. Tayari alikuwa ameanza kufuta mikono kwenye suruali.

"Mimi," Upepo akasema. "Mimi mwenyewe. Miezi saba, kwa vyuma chakavu."

"Wewe? Na magurudumu?"

"Na magurudumu." Kisha, kwa sababu jicho la kocha lilikuwa limeshuka chini kwenye ndoo, akaongeza: "Huyu ni dada yangu. Ananisaidia kuosha."

"Hongera, dada," kocha akasema.

Spoki akasema asante. Baadaye, kila alipolikumbuka tukio lile, kilichomchoma zaidi ni hiyo asante, iliyotoka yenyewe kama mtu anavyoitikia salamu. Aliinama akaendelea kuosha. Mnyororo una pingili mia na ushee, aliosha zote.

Njiani kurudi alingoja mpaka walipobaki wawili.

"Kwa nini?"

"Dada, nilishtukizwa. Ulimi hauna mfupa."

"Ulimi ukiteleza, mtu huurudisha. Wewe uliukalisha, ukaupa na kiti."

"Wanapenda mtu anayekijua chombo chake. Niliona macho yake. Kama ningesema ni fundi mwingine, ningekuwa kijana wa nne tu. Ni neno moja, dada. Wewe linakupunguzia nini?"

Aliuliza kwa dhati. Nyumbani mama naye alisema vilevile, kwamba ni neno dogo, kwamba katika nyumba moja hakuna cha nani kafanya. Wiki iliyofuata timu ilimchukua Upepo kambini, mji mwingine, kwa majaribio ya miezi mitatu, na baiskeli ikaenda naye, maana timu ilitoa jezi na chakula lakini baiskeli ilimpa tu aliyepita majaribio.

Mwezi wa pili, saa ya chakula cha mchana, simu ya Spoki ikalia karakanani. Alikuwa Upepo. Aliongea kwa kunong'ona.

"Dada. Gurudumu la nyuma. Niligonga gogo jana, spoki mbili zimekatika, sasa linayumba kama mlevi. Fundi wa timu amekwenda msibani. Kocha kaniambia, si ulilisuka mwenyewe, basi linyooshe, kesho tuna mbio. Nimeweka spoki mpya. Nikikaza linazidi. Nikaze upande gani?"

Spoki aliliona gurudumu lote mbele yake, kila tundu. Alijua anakaza kinyume. Alijua amekaza zile zisizohusika, na kwamba sasa upande mmoja umevutwa kupita kiasi na siku moja utaachia kwa pamoja.

"Uko wapi?"

"Nyuma ya stoo. Wao wako mezani. Fanya haraka."

"Mpe kocha simu."

"Nini?"

"Mpe kocha simu nimweleze yeye. Nitamwambia mimi ni nani, na nitamwelekeza. Dakika kumi litakuwa limenyooka."

Kwa mbali zilisikika sahani.

"Dada, usinifanyie hivi. Nakuomba."

"Mpe simu tu. Sina neno baya la kusema. Nitasema ukweli, basi, na gurudumu litapona."

"Nikitoka hapa kwa aibu, mama utamwambia nini?"

"Usilipande hivyo lilivyo," Spoki akasema. "Unanisikia? Kama hutaki kumpa simu, usilipande."

Upepo akakata. Spoki alikaa na simu mkononi. Alipiga mara moja, haikupokelewa. Angeweza kupiga mara ya pili. Angeweza kuandika ujumbe wa mistari mitatu, legeza hii, kaza ile, na mambo yakaisha. Aliandika mstari wa kwanza akaufuta. Akasema moyoni, mwache ajifunze, akarudi benchini, na mchana ule wote hakunyoosha kitu chochote sawasawa.

Upepo alilipanda. Kesho yake, kwenye mteremko wa mzunguko wa pili, gurudumu lilijikunja kama karatasi. Alivunjika mfupa wa bega na meno mawili.

Hospitalini mama alikuwa ameshafika. Upepo, aliyefungwa bega mpaka kifuani, alimwona dada yake akageuza uso ukutani. Kwa hiyo mama alijua. Alikuwa ameambiwa kuhusu simu.

"Alikupigia," mama akasema, taratibu, kwa sauti yake ileile ya upole. "Mwanangu alikupigia, akakuomba. Ukamwekea masharti."

"Nilimwambia asilipande."

"Ulimwambia. Na ungeweza kumwambia kaza hapa."

Ilikuwa kweli. Si kweli yote, lakini ilikuwa kweli.

Kocha mwenye koti la bluu ndiye aliyemrudishia baiskeli. Alimkuta nje, kwenye benchi la ua wa hospitali, akaiegemeza ukutani na gurudumu lile lililokunjika likiwa limefungwa juu yake kwa kamba.

"Nimeambiwa wewe ni fundi," akasema. "Pole."

Spoki akasimama. Alikuwa ameyabeba maneno haya wiki nane. "Mimi ndiye niliyeijenga. Yote. Na hilo gurudumu pia, kabla hajaligusa."

"Najua," kocha akasema.

"Unajua?"

"Nilijua wiki ya kwanza. Kijana hakujua kufungua ekseli. Fundi wetu alicheka siku nzima."

"Na hukusema kitu."

Kocha alimtazama kwa mshangao kidogo. "Niseme nini? Anapanda vizuri. Nani alijenga halikunihusu. Juzi nilimwambia anyooshe gurudumu makusudi, nikidhani atakiri. Hakukiri, nikadhani basi labda kajifunza."

Spoki alicheka, au ilitoka sauti kama ya kucheka. Halafu akauliza, ingawa alijua asingepaswa: "Nilimshinda, unajua hilo? Baiskeli hiyohiyo. Dakika moja na sekunde ishirini."

"Una miaka mingapi?"

Akamwambia. Kocha akatikisa kichwa, si kwa dharau, kwa namna ya mtu anayesikia bei. "Timu ya wanawake hatuna," akasema. "Fundi tunaye." Akampa mkono, akaenda kumwona mgonjwa.

Bega la Upepo liliunga baada ya miezi miwili, lakini kambi haikumwita tena. Alirudi nyumbani na pengo la meno, mtu mkimya. Hawakugombana. Walipishana kwenye korido kama wapangaji. Mama aliweka chakula cha kila mmoja kwenye sahani yake na kufunika, maana hawakukaa tena mezani pamoja. Spoki alikuwa amekinyoosha kila kilichonyosheka, akasuka gurudumu jipya la nyuma, na baiskeli ilikuwa nzima, imeegemezwa uani chini ya kipande cha bati. Hakuna aliyeipanda.

Jumamosi moja asubuhi Upepo akamfuata akiwa anafua. "Kuna mtu anaitaka," akasema. "Kwa bei nzuri. Nataka kuanza biashara ya kuuza vocha na chaja."

"Haiuzwi."

"Nusu ni yangu. Matairi ni yangu. Breki, usukani, kiti. Nilibeba saruji kwa ajili ya matairi yale."

"Nami ningebeba nini ili iwe yangu? Mikono yangu haina risiti, ndiyo?"

"Sikusema hivyo."

"Haiuzwi."

"Basi tugawane," Upepo akasema, na sauti ikamkatika kidogo, kana kwamba alitumaini atakataliwa.

Spoki alikausha mikono. Akaenda ndani, akarudi na spana zake, akaigeuza baiskeli juu chini pale uani, jua likiwa kali, majirani wakichungulia juu ya ukuta. Upepo alishika spana moja akaanza na kiti. Aliigeuza nati upande wa kukaza. Dada yake akamnyang'anya spana, akafungua yeye. Kiti. Usukani. Akavua matairi kutoka kwenye rimu kwa vidole, bila kuyaumiza, akayakunja. Raba za breki, waya za breki, moja moja, akiziweka kwenye gunia la mdogo wake kwa utaratibu ule anaomwekea mteja anayelipa. Upepo alisimama na gunia limefunguliwa kwa mikono miwili.

Mama alitoka mlangoni na sindano bado kwenye kola ya gauni. "Jamani," akasema. "Jamani, wanangu, ni chuma tu."

Kazi nzima haikufika nusu saa.

Mteja hakutaka vipande. Upepo aliviuza kimoja kimoja kwa hasara, biashara ya chaja ilidumu mpaka mwezi wa tano, akaenda kubeba saruji. Spoki alihama, akapanga chumba karibu na karakana, na kila mwisho wa mwezi anampelekea mama pesa ya chakula, ananywa chai nusu saa, anaondoka kabla mdogo wake hajarudi. Fremu iko kwenye msumari juu ya kitanda. Mzee Grisi alimuuliza mara mbili kwa nini haikamilishi, maana msimu umefika na tangazo limebandikwa tena, wazi kwa wote. Alimwambia vipuri vimekuwa adimu. Mzee akatazama rafu zake mwenyewe, zilizojaa mpaka juu, akavaa miwani, akarudi kwenye kazi yake.